Wageni Kumi na Wawili wa Mama

Kambi yangu ya watoto ilizaliwa kwa hasira. Wengine huanzisha mambo kama haya kwa sababu wameitwa na Mungu, au kwa sababu wanapenda watoto. Mimi watoto nawapenda kiasi, hasa wakiwa wamelala. Nilichokuwa nacho ni kaka mkubwa, na kaka yangu akishashiba na kuegemea kochi lake pale Bungoma, huanza kutoa maamuzi juu ya maisha ya watu wengine kwa sauti ya mtu anayetangaza barabara imefungwa.

Ilikuwa Pasaka. Tulikuwa tumemaliza kula, na mama yetu alikuwa ameketi kando ya dirisha na kikombe chake cha chai. Kaka akakohoa kidogo, akasema mama hawezi tena kukaa peke yake kwenye shamba la Saboti. Baba alikuwa ameshatuacha miaka kadhaa nyuma. Mwaka uliotangulia mama aliteleza zizini, akalala kwenye matope hadi mfanyakazi wetu wa ng'ombe alipokuja na ndoo yake ya maziwa. Basi, akasema kaka, mama atahamia kwake Bungoma, chumba kipo, na shamba litakodishwa kwa watu wa mahindi.

Nikawaka. Nilisema mama haendi popote. Nilisema pale Saboti ndipo nyumbani, kaburi la baba liko pale, na ukimtoa mama kwenye shamba lake hamalizi mwaka. Nilisema mengi, na mengine niliyarudia. Mama alikunywa chai yake. Kaka akaniuliza, kwa ule upole wake unaoudhi kuliko matusi, kama basi mimi nitahama Nairobi nije nikae naye.

Kazi yangu Nairobi ni kupanga mikutano ya watu wengine: nani aketi wapi, chai iletwe saa ngapi, mgeni rasmi asipokuja nani asome hotuba yake. Nikajibu kwa lugha ninayoijua. Nikasema nina mpango. Sikuwa na mpango wowote, haki ya nani, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka na ilibidi kitu kitoke. Nikasema nitafungua kambi ya watoto ya likizo ya Agosti pale shambani. Watoto wa mjini waje wakae siku kumi, wakamue, wapalilie, wachote maji, wajue ugali unatoka wapi. Boma litachangamka, mama hatakuwa peke yake, na shamba halitahitaji mpangaji.

Kaka alicheka mpaka akashika mbavu. Akauliza, ati wazazi wenye akili zao watalipa ili watoto wao wakafanye kazi ambayo yeye alichapwa kwa kuikimbia? Nikamwambia Nairobi watu wanalipia hata kukimbia bila kufukuzwa. Mwishowe tukakubaliana. Agosti hiyo yeye alikuwa na shughuli nyingi, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa tohara na nusu ya ukoo wetu walikuwa na vijana wa kupashwa, lakini siku ya mwisho ya kambi angefika Saboti ajionee. Akikuta mama yuko sawa na boma lina uhai, atanyamaza milele. Akikuta vinginevyo, mama anafunga virago siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nikachukua likizo kazini na kuanza kupigania nyumba ya mama yangu.

Ghala kuu la mahindi likawa bweni. Tulilifagia, tukawafukuza panya, wakarudi, tukawafukuza tena. Choo kipya kikachimbwa. Nikaandika ratiba nzuri sana, kila siku na saa zake, nikaibandika mlangoni. Majirani walikuja kuisoma. Mmoja aliuliza kama hawa watoto wametumwa kwetu na korti. Mwingine, mzee ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kulima huku zamani, na ambaye shamba lake la viazi linapakana na letu, alisoma mstari kwa mstari, akavua kofia, akajikuna kichwa, akaniuliza kama na yeye anaweza kukodishiwa watoto wawili watatu. Nilicheka. Sikujua kwamba siku ya nne ya kambi nitakuwa mlangoni kwake nikiomba.

Watoto walifika Jumatatu, kumi na wawili, wa miaka minane hadi kumi na mmoja, kila mmoja na sanduku lake la magurudumu. Sasa mvua ya Agosti huku kwetu haijui magurudumu. Masanduku yalizama kwenye tope kuanzia langoni, na tukayabeba kichwani mimi na mfanyakazi, watoto wakituangalia kwa huruma. Mama alisimama barazani na leso mpya begani, akawapa mkono mmoja mmoja, akiwauliza mama zao hawajambo, baba zao hawajambo, safari ilikuwaje. Wao wakamwita Shosh papo hapo, kama watoto wa Nairobi wanavyowaita bibi zao. Aliwahesabu kwa midomo. Kisha akageuka akaangalia banda la kuku, na nikaona anahesabu huko pia.

Jioni hiyo kuku watatu walikwenda. Ratiba ilisema sukuma wiki na ugali, wapishi wakiwa ni watoto wenyewe. Mama alisema hizo sukuma watakula kwao. Firigisi alimpakulia mvulana aliyeonekana ndiye mkubwa, kwa heshima zote, kama ambavyo angempa mkwe. Mtoto wa watu aliigeuza kwa uma, akaniuliza kama ni raba. Mama aliirudisha jikoni polepole akiwa ameibeba kwa mikono miwili, na nilimsikia akiongea na Mungu huko.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, nikawatoa watoto kwenda kukamua. Walikuwa wamevaa gambuti mpya. Tulipofika zizini, ng'ombe wote watatu walikuwa wameshakamuliwa na wanakula majani kwa raha zao. Maziwa yalikuwa jikoni, yamechemshwa, na chai imeshamiminwa kwenye thamosi. Nikafikiri mfanyakazi amesahau. Tukapita kwenye bustani ya mboga kwa somo la kupalilia. Bustani ilikuwa safi, huoni jani moja la magugu. Tukaenda mtoni na vibuyu vya plastiki, tukarudi tukakuta mapipa yote ya maji yamejaa hadi juu, kwa hiyo yale maji tuliyobeba kwa jasho tukayamwagia maua. Watoto walifurahi sana. Saa tatu asubuhi ratiba ya siku nzima ilikuwa imekwisha, na walikaa barazani wakila mahindi ya kuchemsha.

Nilimfuata mfanyakazi. Huyu ni mtu mzima, ana wajukuu, na hana tabia ya kusema uongo kwa sababu anaona ni kazi ya ziada. Akaniambia mama yangu alimgongea saa kumi alfajiri. Wamekamua wote wawili, amepalilia yeye mama kwa tochi, wamechota maji mara tisa.

Nikaingia jikoni nikiwa nimepandwa na mori. Mama alikuwa anamnyonyoa kuku mwingine. Nikamweleza kwamba hao watoto wamekuja kufanya kazi, kwamba ndiyo maana ya kambi, kwamba wazazi wao wametoa pesa ili wafanye kazi. Alinisikiliza bila kuinua kichwa. Akaniambia yeye tangu aolewe kwenye boma hili hajawahi kumwekea mgeni jembe mkononi, na hataanza na mtoto wa miaka minane ambaye mama yake hayupo. Akitoka hapa na malengelenge, huyo mama atasema Saboti kuna mwanamke wa namna gani? Nikasema mama yake ndiye anayetaka malengelenge. Akaniangalia kwa huzuni ya kweli, akasema basi huyo mtoto ndiye ahurumiwe zaidi, na akaongeza chumvi kwenye sufuria.

Siku ya pili nikaficha majembe. Alipalilia kwa panga. Siku ya tatu nikampa cheo. Nilimwambia yeye ndiye mkuu wa kambi, nikamwekea kiti barazani na mto wa kuegemea, kazi yake iwe kukaa na kuwahadithia watoto mambo ya zamani. Alikaa robo saa. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi: zamani watu walifanya kazi, hakukuwa na muda. Kisha akainuka kwenda kuangalia maharagwe.

Siku ya nne, kama nilivyosema, nikaenda kwa jirani wa viazi. Nilimwomba, kwa adabu, aniazime magugu. Nikamweleza kwamba kwetu yamekwisha, kwamba mama anayamaliza kabla hatujaamka, na nina watoto kumi na wawili walioahidiwa kupalilia. Yule mzee alimwita Mungu kwa Kikuyu, Ngai, akaenda kutuletea majembe mwenyewe. Alikuwa na robo eka iliyomshinda tangu Juni. Watoto wa Nairobi wakaipalilia asubuhi mbili, wakiimba, nusu ya viazi wakaving'oa pamoja na magugu, na mzee akasimama pembeni mikono nyuma akiwakagua, ametulia kabisa. Hakulipa hata kikombe cha uji.

Uji uliletwa na mama. Aliposikia kwamba wageni wake wameonekana wakishika jembe kwenye shamba la mtu mwingine, mbele ya barabara, aibu ilimkaba. Alikuja kwa miguu, amebeba ndoo ya uji kichwani, kikapu cha viazi vitamu mkono mmoja na vikombe mkono mwingine, akapanda kilima chote cha kwenda kwa jirani. Akawakalisha, akawanywesha, akawapangusa mikono kwa leso yake. Mimi hakuniongelesha mpaka jioni.

Wazazi walipiga simu kila siku, nami nikatuma picha. Kwenye picha kulikuwa na watoto wenye matope hadi masikioni, na nyuma yao, kila picha, mama yangu anapita na kitu mkononi. Nilizituma kwa kaka pia. Nilimwandikia: ona uhai. Hakujibu. Nikajua anaumia, nikafurahi.

Nitasema kweli, kwa kuwa hakuna wa kunikata kauli hapa. Niliona miguu ya mama imevimba. Niliona anashika ukuta akitoka jikoni. Siku ya sita nilimkuta amesinzia kwenye kigoda, kuku mkononi nusu amenyonyolewa, na mvuke wa maji moto unampanda usoni. Nilisimama pale mlangoni nikajiambia, angalia alivyo na furaha, hajafanya kazi hivi tangu baba awe hai. Nilijiambia hivyo na nikaamini, kwa sababu nilikuwa nimebakiza siku nne tu nimshinde kaka yangu.

Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka tisa, mwenye miwani, anayesoma kila kitu kilichoandikwa, hata maandishi ya gunia la mbolea. Siku hiyo ya sita alisimama mbele ya ratiba yangu kwa muda. Kisha akaja akaniuliza, "Kwa ratiba, Shosh anapumzika saa ngapi?"

Nilimwambia ratiba ni ya watoto. Akasema sawa, akaenda. Nilikasirika naye siku nzima, mtoto wa watu, nikamwona ana mdomo mrefu.

Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Wazazi walikuja asubuhi kuchukua watoto wao, wakashangaa jinsi walivyonenepa. Mvulana wa firigisi alilia. Wengine wakamkumbatia mama, wakauliza kama kutakuwa na kambi Desemba, nami nikasema kutakuwa, bila shaka, kila likizo, hata Aprili. Mama aliwapa kila mmoja fungu la ndizi na akasimama langoni akiwapungia mpaka gari la mwisho likapinda. Banda lilikuwa limebaki na jogoo na kuku wawili.

Kaka alifika saa nane kutoka Bungoma. Nilikuwa nimejiandaa, nimevaa vizuri kabisa, hotuba ninayo kichwani. Hakunipa nafasi. Alizunguka boma lote mikono nyuma. Aliona bweni, choo, bustani safi, ng'ombe wanang'aa. Alisoma barua ambazo watoto waliandika wakazibandika ukutani, zote zikimshukuru Shosh, mbili tu zikinitaja mimi. Akaja ndani, mama akamwekea ugali na mmoja wa wale kuku wawili, akala. Alipomaliza alinawa, akajipangusa, akanigeukia.

"Umenishinda," akasema. "Nilidhani ni mchezo. Boma limefufuka. Mama abaki."

Mnajua raha ya kumshinda kaka mkubwa? Miaka arobaini na tatu nilikuwa naingoja. Niliona hata rangi ya ukuta imebadilika. Nilikuwa nafungua kinywa nijipigie kifua kidogo, kwa kiasi, nilipoona mama, aliyekuwa anakusanya sahani, ameziweka chini na ameketi. Mama haketi mezani tukiwa tunakula. Alivuta kiti, akaketi.

"Mimi hakuna mtu ameniuliza," akasema.

Kaka alidhani mama hakusikia vizuri. Akamweleza tena, kwa sauti ya juu, kwamba ameruhusiwa kubaki, hakuna wa kumhamisha. Mama akasema amesikia, masikio yake hayana shida. Akasema amesikia Pasaka, na amesikia leo, na mara zote mbili alikuwa chumba kimoja na sisi. Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya kuulizia bei ya sukari.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita mimi binti yake tangu nikiwa mdogo, "mimi nimechoka na wageni."

Nikamwambia watoto wameshakwenda. Nikasema Desemba tutapunguza, tutachukua sita tu, tutaajiri mpishi.

"Si hao watoto. Hao ni siku kumi. Wewe." Alivuta pumzi. "Ukisema unakuja, naanza siku tatu mbele. Nafua shuka. Natafuta kuku. Napalilia njia usikanyage umande. Ukikaa hapa hushiki kitu, na mimi siwezi kukuambia ushike, maana umetoka mbali. Ukienda, nalala siku mbili. Baba yenu alipokufa nilitaka kwenda Bungoma wiki hiyo hiyo. Dada yangu yuko Bokoli, huko huko Bungoma, tumebaki wawili tu, tunaonana kwa matanga. Lakini nikaona nikitoka hapa, wewe utakuwa huna kwenu. Hujaolewa, hujajenga. Nikasema wacha nikae, mtoto awe na mahali pa kufikia."

Kaka alikuwa anaangalia mikono yake. Yeye naye, pamoja na chumba chake na maamuzi yake, hakuwa amemuuliza. Alikuwa ametaka kumchukua mama kama alivyotaka kukodisha shamba, na kwa bahati tu ndicho kitu mama alichokitaka.

"Nataka niende mahali," mama akasema, "niketi, mtu aniletee chai. Nisijue hata imepikwa kwa jiko gani."

Nililia. Sitasema ilikuwa kwa ajili yake, maana mwanzoni haikuwa. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeshinda na nimenyang'anywa ushindi kwa dakika tano. Halafu nikakumbuka ndoo ya uji kichwani mwake akipanda kile kilima, na ile miguu, na jinsi nilivyosimama mlangoni nikauita usingizi wa mtu aliyechoka kuwa ni furaha. Hapo aibu ikanishika, na kilio kikawa cha aina nyingine. Nilimwomba msamaha. Aliniambia niache, nitaumwa na kichwa, na akaanza kuinuka achukue zile sahani.

Nikamwambia aketi. Aliketi nusu, kwa ukingo wa kiti, kama mtu aliye tayari kuitwa. Nikakusanya sahani zote, nikaziingiza jikoni, nikazitumbukiza kwenye karai, nikamimina maji. Kisha nikasimama. Nimezaliwa kwenye boma lile, nimekuwa nikirudi kila Krismasi na kila Pasaka, nimegombana na kaka yangu mbele ya watu kwamba pale ndipo kwetu, na sikujua sabuni inawekwa wapi. Niliangalia dirishani, chini ya meza, nyuma ya mtungi, kwenye kopo la majani ya chai. Ilibidi nirudi sebuleni nimuulize.